Herufi kubwa au ndogo baada ya nukta mbili na nuktamkato: ninavyopitia tasnifu ya Kiingereza

Saa nne usiku mpwa wangu alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Wamenirudishia." Tasnifu yake ya uzamili, inayohusu wanawake wanaofanya biashara ya dagaa Ziwa Victoria, ilikuwa imerudi kutoka kwa mtahini ikiwa na maoni kumi na mawili. Kumi na moja aliyamudu mwenyewe. La mwisho lilisema tu kwamba matumizi ya herufi kubwa na ndogo baada ya nukta mbili na nuktamkato hayana mpangilio, arekebishe kazi nzima. Kurasa 140, bila kuonyeshwa hata mfano mmoja wa kosa.

Kazi yangu ni kupitia maandishi ya Kiingereza ya watu waliokulia Kiswahili, Kisukuma, Kihaya na lugha nyingine za kwetu. Maoni ya aina hiyo nimeyaona mara nyingi, na najua yanavyomkatisha tamaa mtu aliyekaa miaka miwili ziwani akikusanya data. Tulikaa na mpwa wangu usiku wa siku mbili tukamaliza. Naandika hapa tulivyofanya, kwa mpangilio ule ule, ili mwingine akirudishiwa kazi yake asianze kutoka sifuri.

Majina kwanza. Nukta mbili ni hii : na wengine huiita koloni au nukta pacha. Nuktamkato ni hii ; yaani semikoloni.

Hatua ya 1: Maliza nuktamkato

Baada ya nuktamkato ni herufi ndogo. Hapa miongozo yote mikubwa inakubaliana, ya Marekani na ya Uingereza. Herufi kubwa inakuja pale tu neno lenyewe linapoidai popote lilipo: jina la mtu au mahali, jina la lugha, siku, mwezi, kifupisho, au neno I.

The boats left at dusk; the women waited on the beach.
The boats left at dusk; Ukerewe was already dark.
She kept the ledger; I counted the sacks.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni However yenye H kubwa baada ya nuktamkato. Tumeizoea ikiwa mwanzoni mwa sentensi, mkono unaandika wenyewe. Iwe hivi:

The price rose; however, nobody sold.

Therefore, moreover, consequently na otherwise ni hivyo hivyo. Nuktamkato imeisha, usiirudie tena.

Hatua ya 2: Jua unafuata mwongozo gani

Usibadilishe herufi hata moja kabla ya kujibu hili, kwa sababu kwenye nukta mbili miongozo inatofautiana, na kinachoitwa kosa kwenye mmoja ni sahihi kwenye mwingine.

APA, mwongozo wa uandishi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, toleo la 7 lililotoka 2019, inasema: kinachofuata nukta mbili kikiwa sentensi kamili, anza na herufi kubwa, kikiwa kipande, herufi ndogo. AP, mwongozo wa waandishi wa habari wa Marekani, una kanuni hiyo hiyo.

Chicago, yaani The Chicago Manual of Style, katika toleo la 17 la 2017 inataka herufi ndogo hata mbele ya sentensi kamili, ikiwa sentensi hiyo ni moja. Zikifuata sentensi mbili au zaidi zinazofafanua kilichotangulia, au swali, au maneno ya mtu yaliyonukuliwa, ndipo herufi kubwa inapoingia. Toleo la 18 limetoka 2024, kwa hiyo iulize idara yako inatumia lipi, kisha fungua sehemu ya nukta mbili katika toleo hilo hilo. Usiniamini mimi wala rafiki yako.

MLA, mwongozo unaotumika zaidi katika lugha na fasihi, toleo la 9 la 2021, inakaribiana na Chicago hiyo ya 2017: kwa kawaida herufi ndogo, lakini kubwa mbele ya swali, mbele ya mfululizo wa sentensi, na mbele ya kanuni au msemo unaosimama wenyewe.

Desturi ya Uingereza ni herufi ndogo, iwe sentensi kamili au kipande. Na hapa ndipo mkanganyiko wa wengi wetu ulipozaliwa. Tanzania na Kenya tumefundishwa Kiingereza cha Uingereza tangu shule ya msingi. Halafu mtu anafika chuo kikuu, idara ya elimu au saikolojia inamwambia aandike kwa APA, ambayo ni ya Kimarekani. Anabadilisha namna ya kuorodhesha marejeleo, na nukta mbili zinabaki zile za shuleni. Sura ya pili, aliyoiandika akisoma makala za Kimarekani, inakuwa na herufi kubwa. Sura ya nne, aliyoiandika kwa kichwa chake, inakuwa na ndogo. Mtahini anaona mchanganyiko. Mpwa wangu ilikuwa hivyo hivyo.

Wanaotumia mtindo wa marejeleo uitwao Harvard wajue kwamba Harvard haina kitabu kimoja. Kila chuo kina toleo lake, hivyo tafuta kijitabu cha idara yako. Kisiposema lolote kuhusu nukta mbili, basi uamuzi ni wako, na ushauri wangu ni huu bila kusita: chagua herufi ndogo ya Uingereza kote. Utafanya maamuzi machache, na kila uamuzi usioufanya ni kosa ambalo hutalifanya.

Andika uamuzi wako kwenye karatasi, bandika karibu na kompyuta. Mpwa wangu alikuwa APA.

Hatua ya 3: Futa nukta mbili zisizostahili kuwepo

Kwa Kiswahili tunaandika "sababu hizo ni:" halafu tunaorodhesha, na hakuna anayeshangaa. Kwa Kiingereza rasmi nukta mbili inataka sentensi iliyokamilika kabla yake. Kwa hiyo hii haifai:

The main costs are: salt, sacks and transport.

Ondoa nukta mbili, usiweke chochote:

The main costs are salt, sacks and transport.

Angalia pia include: na such as: na for example: katikati ya sentensi. Mpwa wangu alikuwa nazo karibu kila ukurasa wa sura ya nne. Zikishaondoka, kazi inayobaki ni ndogo kuliko ulivyodhani.

Hatua ya 4: Sentensi kamili au kipande?

Kama unafuata desturi ya Uingereza, ruka hatua hii. Kama ni APA au AP, tulia hapa, kwa sababu kila nukta mbili iliyobaki inakuuliza kama kilicho mbele yake ni sentensi kamili au ni kipande tu. Wa MLA na Chicago mtaihitaji pia, kwa sababu huwezi kuhesabu sentensi kabla ya kujua sentensi ni ipi.

Aliyezaliwa na Kiingereza hujibu kwa sikio. Sikio letu limelelewa na lugha nyingine, na linatupotosha kwa namna ambayo ukiielewa unaweza kujilinda. Kwa Kiswahili neno moja linaweza kuwa sentensi nzima. Wamechelewa. Kiambishi wa- kimebeba watendaji, -me- imebeba wakati, sentensi imekamilika. Tukihamia Kiingereza, tukiona kitu kinachofanana na kitenzi tunaridhika. Kiingereza hakiridhiki. Kinataka kiima kionekane kikiwa neno lake lenyewe, na kitenzi kiwe kimebeba wakati.

Mifano miwili iliyo wazi:

The women buy three things on credit: salt, sacks and transport.

Orodha ya nomino, hakuna kitenzi. Kipande. Herufi ndogo.

The women had one complaint: The boats landed after the market had closed.

Boats ni kiima, landed ni kitenzi chenye wakati. Sentensi kamili. Kwa APA ni The yenye T kubwa.

Sasa isiyo wazi:

The women had one complaint: boats landing after the market had closed.

Maana ni karibu ile ile, na kuna landing, tena mbele kidogo kuna had closed. Lakini ni kipande, na herufi ni ndogo. Landing haijabeba wakati, na had closed imefungwa ndani ya after.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nawaambia watu watafute kiima na kitenzi. Wengi walishindwa, tena watu wenye akili nyingi, kwa sababu fishing, landing, dried, sold, yote yana sura ya kitenzi. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza saa nzima kwenye sentensi hii:

There was one problem: fish dried on the sand.

Dried hapa ni kitenzi au ni sifa ya samaki? Nilifungua vitabu viwili vya sarufi, vyote vikanieleza kitu ambacho tayari nakijua. Mwishowe nikaitafsiri kwa sauti. "Kulikuwa na tatizo moja: samaki waliokaushwa mchangani." Nikaijaribu tena: "Kulikuwa na tatizo moja: samaki walikauka mchangani." Papo hapo tofauti ikajitokeza. Waliokaushwa ina -o- ya urejeshi ndani yake, walikauka haina. Kiingereza kimeificha tofauti hiyo ndani ya neno moja, Kiswahili kimeiweka nje. Sura nzima ya mwandishi yule ilizungumzia dagaa wanaoanikwa mchangani wakaokota uchafu, bei ikashuka. Alimaanisha waliokaushwa. Kipande. Herufi ndogo.

Tangu siku hiyo ninafundisha kipimo hiki, na sijapata kingine kinachokaribia: kitafsiri kwa Kiswahili kilicho baada ya nukta mbili, kisha kitazame kitenzi kikuu.

Kikianza na ku-, ni kipande. Landing au to land ikitoka kwa Kiswahili kama kufika, hakuna sentensi hapo.

Kikiwa na -o- ya urejeshi, waliokaushwa, zinazochelewa, wanaokopa, ni kipande.

Kikiwa na -ki-, ni kipande. Boats landing late inaweza kutafsirika mashua zikifika kwa kuchelewa, na msikilizaji anabaki akisubiri: zikifika, halafu?

Kikiwa na kiambishi cha mtendaji na cha wakati, bila -o- na bila -ki-, kwa mfano zilifika, wanakopa, imepanda, hiyo ni sentensi kamili. Herufi kubwa kwa APA.

Mashua zilifika baada ya soko kufungwa. Ndiyo hiyo, kamili.

Lakini kipimo hiki kina mitego yake, na ni lazima niieleze kwa sababu kila mmoja umeshanipata au umempata mtu niliyemsaidia.

Mtego wa kwanza ni ambao, ambayo, ambazo. Ukitafsiri women who own boats kama "wanawake ambao wanamiliki mashua", kitenzi wanamiliki kinaonekana safi, hakina -o-. Hiyo -o- imehamia kwenye ambao. Hesabu ambao kama -o-. Ili kuwa salama, tafsiri bila amba-: wanawake wanaomiliki mashua. Kipande.

There were two groups: women who owned boats and women who rented them.

Mtego wa pili ni ni. Sababu ni deni. Hakuna kiambishi cha wakati, lakini ni sentensi kamili, na kwa Kiingereza kuna is yenye wakati wake. Herufi kubwa:

The explanation was simple: Debt is cheaper than hunger.

Linganisha na the explanation was simple: debt. Neno moja, herufi ndogo. Na linganisha wavuvi maskini na wavuvi ni maskini. Hicho kineno kidogo ndicho kinachoamua.

Mtego wa tatu ni maneno that, because, which, although, if yakikaa mara tu baada ya nukta mbili. Hapa usitafsiri kabisa. Yasipofuatwa baadaye na sehemu nyingine inayosimama yenyewe, yanafunga kila kinachoyafuata, hata kama baada yake kuna kiima na kitenzi vyenye afya njema. Nasisitiza usitafsiri kwa sababu Kiswahili kitakudanganya. Tazama:

They made one demand: that the scales be checked every week.

Kwa Kiswahili: "Walitoa dai moja: mizani ikaguliwe kila wiki." Mizani ikaguliwe inaweza kusimama yenyewe, tunaisema hivyo kila siku, nayo haina -o- wala -ki-. Kipimo kitakuambia sentensi kamili. Kiingereza kina that, basi. Herufi ndogo. Vivyo hivyo they made one demand: to check the scales, ambayo Kiswahili kizuri huifanya wakague mizani. Kitenzi kinachoishia na -e usikiamini. Rudi kwenye Kiingereza utazame kama kuna that au to.

Mtego wa nne ni amri. Amri haina kiima kinachoonekana, na bado ni sentensi kamili:

The older traders gave one warning: Never dry fish on bare sand.

Usianike samaki kwenye mchanga mtupu. Kamili. N kubwa kwa APA. MLA nayo ingeandika kubwa hapa, kwa kuwa ni kama kanuni inayosimama yenyewe.

Mtego wa tano uliwatesa wasichana wawili niliowasaidia mwaka mmoja, wote wakiwa na maswali ya utafiti ndani ya aya. Kuna swali lenyewe, na kuna swali lililomezwa.

One question remained: How is the price set?
One question remained: how the price is set.

La kwanza ni swali, lina alama ya kuuliza, na linapata herufi kubwa kwa APA, MLA na Chicago. La pili limemezwa. Halina alama ya kuuliza, na mpangilio wake ni the price is set, kitenzi hakijaruka mbele. Kwa Kiswahili yote mawili yanaweza kuwa "bei inapangwaje", kwa hiyo tafsiri haisaidii. Tazama alama ya kuuliza na mahali kitenzi kilipo. Lililomezwa ni kipande.

Mtego wa mwisho ni wa sentensi fupi yenye kiima kilichoachwa kwa makusudi, kama kwenye maelezo ya jedwali: Result: failed twice. Mhusika hayupo. Tukitafsiri tunapata ilishindikana mara mbili, kamili kabisa, kwa sababu i- imejaza pengo ambalo Kiingereza kimeliacha wazi. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, weka kidole kwenye neno la Kiingereza ambalo ni kiima. Kidole kisipopata pa kutua, na sentensi si amri, ni kipande.

Mpwa wangu alianza kuviona mwenyewe baada ya nukta mbili ishirini hivi. Kufika sura ya tano alikuwa haniulizi tena, alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, "zikifika, ndogo... walikopa, kubwa..." na kuendelea.

Hatua ya 5: Weka kando nukta mbili zenye sheria zao

Si kila nukta mbili inapita kwenye kipimo. Kuna sehemu ambazo herufi inaamuliwa na kitu kingine, na lazima uzitambue kabla ya kugusa.

Vichwa na vichwa vidogo. Neno la kwanza baada ya nukta mbili katika kichwa cha kitabu au makala hupata herufi kubwa kwa APA, MLA na Chicago, hata likiwa a au the, hata kisiwe sentensi. Tuseme tasnifu inaitwa hivi, katika orodha ya marejeleo ya APA ambako maneno mengine yanabaki madogo:

The moon and the market: Women traders on Lake Victoria

W kubwa, ingawa baada yake ni kirai tu. Kazi za Kiswahili ulizozitaja zinafuata sheria hiyo hiyo ndani ya orodha hiyo. Harvard za vyuo mbalimbali hutofautiana hapa, nyingi zikiacha herufi ndogo.

Kwa wanaotumia Zotero, ambayo ndiyo programu ya marejeleo ninayompa kila mtu kwa sababu ni ya bure na haimfungi mtu kwenye mfumo mmoja: hifadhi vichwa vyote vikiwa na herufi ndogo, ukiacha neno la kwanza, neno linalofuata nukta mbili na majina. Zotero inaweza kuvipandisha kuwa na herufi kubwa kila neno ikiwa mwongozo unataka hivyo, lakini haivishushi yenyewe. Ukivishusha kwa amri ya kubadilisha maandishi, pitia majina ya nchi na ya watu, yasije yakashuka nayo.

Mahojiano. Jina la msemaji, nukta mbili, kisha maneno yake. Maneno yanaanza na herufi kubwa daima, kama kwenye tamthilia:

Respondent 4: We sold before sunrise.

Nukuu. Ukileta sentensi nzima ya mtu ndani ya alama za kunukuu baada ya nukta mbili, anza na herufi kubwa. Ukileta kipande cha sentensi yake, ndogo.

Orodha za wima. Kwa APA, vipengele vikiwa sentensi kamili, kila kimoja kianze na herufi kubwa na kiishe na nukta. Vikiwa virai, vianze na herufi ndogo, na ukitaka, vitenganishwe kwa nuktamkato kama vile vingekuwa ndani ya aya. Programu ya kuandikia hupenda kupandisha herufi ya kwanza ya kila mstari mpya bila kukuuliza. Izime hiyo katika mipangilio ya AutoCorrect, palipoandikwa "Capitalize first letter of sentences". Mimi naizima kwenye kila kompyuta ninayoikalia.

Lebo kama Source: chini ya jedwali, na barua zinazoanza Dear Sir: kwa mtindo wa Marekani, hufuatwa na herufi kubwa. Saa 10:30 na uwiano 2:1 hazihusiki.

Hatua ya 6: Tafuta kwa kompyuta, badilisha kwa mkono

Usitumie "Replace All". Hili nimelilipia. Nilikuwa nimepewa kazi ya mteja aliyetaka herufi ndogo kote, desturi ya Uingereza, na muda ulikuwa umebana. Nikaona nifanye haraka: nikabadilisha nukta mbili yenye A kuwa nukta mbili yenye a, kisha B, kisha C, hadi Z, mara ishirini na sita, faili zima. Nikahifadhi, nikafunga, nikalala. Asubuhi nikakuta wahojiwa wote wanaongea kwa herufi ndogo, vichwa vidogo vya marejeleo vimeshuka, na kila mahali palipokuwa na mji na mchapishaji, jina la mchapishaji limekuwa dogo. Majina ya watu baada ya nukta mbili pia. Faili lilikuwa limefungwa, hakuna kurudi nyuma. Nilirudisha moja moja kwa siku nzima nikilinganisha na nakala ya zamani iliyochapishwa kwenye karatasi, na nashukuru karatasi hiyo ilikuwepo.

Kwa hiyo kwanza tengeneza nakala ya faili. Kisha, katika Word:

Ondoa nafasi mbili mbili. Bonyeza Ctrl+H, juu andika nafasi mbili, chini nafasi moja, rudia mpaka isipate kitu. Hapa tu ndipo "Replace All" inaruhusiwa. Nafasi za ziada zikibaki, utafutaji unaofuata utaziruka bila kukuambia.

Fungua "More", weka alama ya vema kwenye "Use wildcards". Kwenye kisanduku cha juu andika nuktamkato, nafasi, kisha [A-Z], yaani:

; [A-Z]

Bonyeza "Find Next". Kila inachosimama ni nuktamkato yenye herufi kubwa mbele yake. Jina? Acha. Si jina? Shusha.

Kisha nukta mbili, mara mbili, kubwa na ndogo:

: [A-Z]
: [a-z]

Kwa APA unahitaji zote, kwa sababu makosa yapo pande zote. Kwa desturi ya Uingereza ya kwanza inatosha. Ukitaka kuziona zote kwa pamoja, nenda kwenye kichupo cha "Find", chagua "Reading Highlight", kisha "Highlight All". Ukurasa unapakwa rangi, unapita kwa macho. Nukuu hazitaonekana kwa utafutaji huu kwa sababu alama ya kunukuu imekaa kati ya nafasi na herufi. Zitafute peke yake.

Kwenye LibreOffice tumia "Regular expressions" badala ya wildcards, na lazima uweke vema kwenye "Match case". Usipoiweka, [A-Z] itakuletea herufi kubwa na ndogo bila kutofautisha, na utakaa usiku ukidhani kompyuta imeharibika. Ninaona watu wengi wanakwama hapo.

Programu za kusahihisha sarufi sizitumii kwa kazi hii. Nyingine huweza kuambiwa mtindo, lakini mtu asiyeweza kutofautisha waliokaushwa na walikauka hawezi kujua kama kilichopendekezwa ni sahihi, na anayeweza kutofautisha haihitaji.

Hatua ya 7: Jibu kwa mtahini

Kwenye jedwali la marekebisho usiandike "Corrected" peke yake. Mtahini atafungua ukurasa wowote, akutane na nukta mbili moja yenye herufi kubwa na nyingine yenye ndogo, aone bado hujarekebisha, kumbe zote ni sahihi kwa APA. Mwambie kanuni uliyoifuata, kwa sentensi moja au mbili. Mpwa wangu aliandika hivi, na unaweza kuichukua ilivyo:

Capitalization after colons now follows APA (7th ed.) throughout: The first word is capitalized only when it begins a complete sentence. Words after semicolons are in lowercase except for proper nouns, abbreviations and the pronoun I.

The yenye T kubwa, kwa sababu kinachofuata ni sentensi kamili.